Motokari Iliyotembea Sana

Wengi wanatuuliza: Je, ni busara kununua motokari iliyokwisha kutembea kilometa mia tatu elfu? Wengine wanacheka, wanasema motokari ya namna hiyo ni mzee anayengoja kaburi. Sisi hatukuweza kucheka, kwa maana mwaka jana tulitumwa kununua motokari, na fedha hazikuwa zetu.

Kijiji chetu kiko upande wa barabara itokayo Lubumbashi kwenda Kasenga, na hospitali iko mbali. Mama mwenye uchungu wa kuzaa huchukuliwa kwa baiskeli, amefungwa juu ya mbao. Katika masika moja watu wawili walifia njiani. Ndipo jamaa zote zilipokusanyika na kuanza kuchanga. Huyu aliuza gunia la mahindi, yule mbuzi wawili. Baada ya miaka mitatu tulipata dolari 9,800. Tukachaguliwa watu watano twende mjini, na mama mmoja akabeba fedha.

Motokari mpya yenye nguvu ya kupita njia zetu haipatikani kwa fedha hizo. Basi ilikuwa lazima kutafuta ya zamani. Katika Lubumbashi ziko nyingi ndogo za esanse zilizotoka Japani. Hizo hushushwa Dar es Salaam, hupita Tanzania na Zambia, na kuingia kwetu kwa mpaka wa Kasumbalesa. Nyingi zina usukani upande wa kuume, nasi katika Kongo twaenda kwa kuume. Basi dereva hupata shida kuona mbele anapotaka kuipita lori. Tukaziacha, tukatafuta Land Cruiser ya mazutu yenye moteri iitwayo 1HZ. Moteri hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1990. Ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na pampu yake ya mazutu ni ya chuma tupu, haiongozwi na kompyuta. Mafundi wetu wanaifahamu.

Tulimchukua fundi mmoja mzee, tukamlipa siku yake. Tunawaambieni wazi: malipo ya fundi asiyejulikana na mwuzaji ni fedha iliyotumiwa vizuri kuliko zote.

Motokari ya kwanza iling'aa kama sahani. Hesabu yake ilisema kilometa 140,000. Kijana mmoja wa kundi letu aliipenda mara moja. Lakini mzee fundi aliinama, akatazama chini ya usukani. "Wanangu," akasema, "msitazame uso, tazameni viatu." Mpira wa pedali ulikuwa umelika mpaka chuma kuonekana, kiti kimebonyea, na usukani umekuwa laini. Namba zaweza kurudishwa nyuma, lakini mpira uliolika haurudi.

Tena moteri ilikuwa ya moto tulipofika. Fundi aliigusa kwa mkono, akatikisa kichwa. Moteri iliyochoka huficha ugonjwa wake ikisha kupata moto. Asubuhi katika baridi ndipo inaposema kweli. Tukamwambia mwenyewe: "Ndugu, kesho tutakuja saa kumi na mbili, tafadhali usiiwashe kabla." Akajibu: "Wazee, wanunuzi wengine wanangoja, leteni arbuni leo." Hatukutoa. Wahenga walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kesho yake ilikataa kuwaka mara tatu. Ilipowaka, ilitoa moshi mweupe wenye kuchoma macho, na ilipokanyagwa kwa nguvu, moshi wa kibuluu.

Yafaa kila mnunuzi ajue kusoma moshi. Moshi wa kibuluu ni oili inayoungua ndani ya silinda, kwa sababu pete za pistoni au mipira ya vali imelika. Moshi mweusi ni mazutu mengi kupita hewa. Huenda ni chujio la hewa lililoziba tu, au ni vinyunyizio vibovu. Moshi mweupe kidogo wakati wa baridi si neno. Lakini ukiendelea na moteri ni ya moto, ni mazutu yasiyoungua, au ni maji yanayoingia ndani ya silinda. Kisha fundi alifungua kifuniko cha oili huku moteri inazunguka. Hewa ikatoka kwa nguvu, pu, pu, pu, kama mtu mwenye pumu. Ni alama kwamba pumzi inapita kando ya pistoni. Tukashukuru, tukaenda zetu.

Motokari ya pili ilikuwa imepauka, na mlango mmoja umebonyea. Hesabu yake: kilometa 312,000. Mwenyewe, mfanyabiashara mzee, alituletea daftari. Humo ameandika kila mara alipobadilisha oili, kwa kila kilometa 5,000. Ameandika pia mkanda wa ndani uzungushao vali: kwa 100,000, kwa 200,000 na kwa 300,000. Ndivyo ipasavyo, kwa maana mkanda huo ukikatika, vali hugonga pistoni na moteri hufa siku ile ile.

Hapo tulifahamu kwamba kilometa peke yake hazitoshi kuhukumu. Motokari iliyokwenda safari ndefu, kwa oili safi na chujio safi, huenda ikapita kwa afya ile iliyotembea kidogo katika vumbi bila kutunzwa. Vumbi la kiangazi likiingia katika silinda, hulika chuma kama tupa.

Fundi aliiwasha ikiwa baridi. Ikawaka mara moja. Oili ilikuwa nyeusi, lakini katika mazutu hilo si kosa. Kosa ni oili yenye rangi ya maziwa, maana imechanganyika na maji. Radiateri alikuwa ameifungua kabla ya kuiwasha. Maji yalikuwa na kutu, ila hayakuwa na mafuta juu. Kisha akapima pumzi ya kila silinda kwa kipimo chake. Tano zilikaribiana, ya sita ilikuwa chini kidogo, bado katika kiasi. Mwisho tukapanda mlima nayo, na mshale wa joto haukusogea.

Kijana wetu alinung'unika: "Watu watatucheka kwa rangi hii." Mama mtunza-fedha akamjibu: "Mwanangu, mgonjwa hapandi rangi." Neno likaisha. Mwenyewe aliomba dolari 9,000. Kwa sababu ya kutu na mlango tukapatana 8,300. Zilizobaki 1,500 tulinunua radiateri, mipira ya maji, batri na oili. Anayemaliza fedha zote siku ya kununua hubaki na motokari isiyotembea.

Tangu siku ile imeongeza kilometa 14,000. Watoto wanne wamezaliwa hospitali ambao mama zao wangelala njiani. Hatusemi kwamba itaishi milele. Chuma nacho huzeeka. Kwa hiyo kila safari huweka fedha kidogo katika sanduku, na daftari la yule mzee tunaliendeleza, dereva akitia alama yake kila oili inapobadilishwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi, ndugu, mkitumwa na wenzenu kununua, msiogope namba kubwa wala msiamini namba ndogo. Nendeni asubuhi na mapema, mguse moteri kwa mkono, mtazame moshi, mwulize daftari. Na mwuzaji akiwaharakisha, rudini na fedha zenu nyumbani. Watu waliouza mbuzi zao watawangoja wiki moja zaidi bila kulaumu.