Land Rover ya Aabo

Gari halizeeki Modogashe kama linavyozeeka Mombasa. Huku hakuna upepo wa chumvi, na mvua ikikosekana misimu miwili mitatu hakuna anayeshangaa, kwa hiyo kutu haina nguvu. Kinachoua gari kwetu ni vumbi, joto, miiba, na barabara zenye mawimbi yanayolegeza kila nati kuanzia bampa ya mbele hadi taa ya nyuma. Ndiyo maana katika maboma ya mji huu, hapa njia za Garissa, Isiolo na Wajir zinapokutana, bado utaona Land Rover kuukuu zimeegeshwa chini ya migunga, bodi zake nzima. Moja ni yetu. Nimeijua tangu utotoni, na kwa kuitunza nimeona jinsi kazi yenyewe ya kutengeneza gari ilivyobadilika nyumbani kwetu.

Ni Series III ya chasi ndefu, ile ya inchi 109. Aina hiyo ilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985, na hapa Kenya kiwanda cha Leyland pale Thika kilikuwa kikiunganisha Land Rover. Serikali ilizipeleka kila pembe: polisi, mifugo, afya, maji. Zilipochoka zilipigwa mnada, na mnadani ndiko Aabo, yaani baba yangu, alikoipata yetu, rangi ya kijani ikiwa imepauka na viti vimechanika. Injini yake ni ya dizeli, silinda nne, cc 2,286. Haina kompyuta, na nyaya zake ni chache. Mradi dizeli safi imefika kwenye nozeli na hewa imeingia, itanguruma.

Ilibeba maisha yetu yote. Asubuhi ilikwenda kisimani na mapipa, mchana ikabeba mbuzi wa mnada, usiku ikaamshwa kumkimbiza mama mjamzito Garissa. Maziwa ya ngamia yalipakiwa ndani ya vibuyu na madebe, na juu ya turubai walikaa wasafiri waliojifunga vitambaa usoni. Hakuna aliyesema gari ni la Aabo peke yake. Lilipokwama mchangani, aliyekuwa karibu alisukuma, na alijua siku yake ikifika atabebwa.

Aabo hakuwa na cheti cha ufundi. Spea zilikuwa Isiolo au Garissa, na mara nyingi hata huko hazikuwepo ila Nairobi. Miaka hiyo magari yalisafiri kwa msafara wa polisi, na ukiukosa msafara unangoja mwingine. Mtu aliyevunjikiwa porini hakuwa na wa kumwita, kwa hiyo alitazama alichonacho. Tangi la dizeli likitoboka kidogo lilizibwa kwa sabuni ya mche iliyokandwa kwa kidole. Bushi ikiisha, kipande cha tairi kuukuu kilikatwa kwa kisu hadi kikalingana. Hosi ya rejeta ikipasuka, ilifungwa kwa tyubu iliyokatwa utepe mrefu, ikavutwa mpaka mishipa ya mikono ya Aabo ikasimama.

Kazi yake niliyoipenda kuliko zote ni ya ngozi. Bamba kuu la springi ya nyuma lilikatika njiani kutoka Habaswein. Abti yangu, yaani mjomba, aliyekuwa naye, alipata ngozi mbichi ya ngamia kwa wafugaji waliokuwa karibu. Waliinua gari kwa jeki, wakaliweka bamba sawa, wakalibana kwa mabanzi ya mti mgumu, kisha wakazungusha ukanda wa ngozi iliyoloweshwa, tabaka juu ya tabaka, mmoja akivuta na mwingine akishikilia. Wakaliacha juani. Ngozi ikikauka hujikaza, na kufikia alasiri ilikuwa ngumu hata huwezi kuisukuma kwa bisibisi. Walirudi nyumbani mwendo wa polepole, na ufungaji ule ulikaa hadi springi mpya ilipopatikana.

Kazi yetu watoto ilikuwa kichujio cha hewa. Katika Land Rover hiyo hewa hupita kwanza kwenye bakuli la oili, na vumbi hunaswa humo kabla ya kufika kwenye silinda. Kitabu cha gari kiliandikiwa watu wa barabara safi. Kwetu bakuli lilifunguliwa baada ya kila safari ndefu. Unalegeza, unalishusha bila kulitikisa, unakuta chini oili imegeuka tope jekundu. Unakwangua, unafuta kwa kitambaa, unatia oili safi mpaka kwenye alama, si zaidi. Aabo alikuja kukagua kwa kidole. Akihisi mchanga, unaanza upya. Naamini bakuli lile ndilo lililoifanya injini ile idumu kuliko nyingine nyingi za rika lake.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1991 hali ya hatari iliyowekwa Kaskazini Mashariki tangu miaka ya 1960 iliondolewa, na magari yakaongezeka. Mvua za El Niño za 1997 zikafunga njia, malori yakazama hadi ekseli, homa ya Bonde la Ufa ikaua mifugo na watu, na familia nyingi zikabaki bila mtaji. Aabo aliegesha gari kwa sababu hakukuwa na mzigo wala pesa ya dizeli. Waliojiinua tena baadaye walinunua Land Cruiser, na mafundi wakafuata pesa ilipo. Vijana waliojifunza gereji baada ya hapo walizijua Toyota kwa kugusa tu, lakini ukiwauliza habari za Series III walikuonyesha mzee fulani aliyehamia mji mwingine.

Land Rover yetu ikakaa. Tairi zilipasuka kwa jua, mbuzi wakaigeuza kivuli, na wanunuzi wa vyuma chakavu wakawa wanasimama langoni. Aabo aliwakaribisha chai, akawajibu kwa upole kwamba gari halijafa, limepumzika. Alifariki bila kuliendesha tena, na ufunguo akamwachia mama.

Nilipoanza kulifufua, dunia ya spea ilikuwa imebadilika kabisa. M-Pesa ilizinduliwa mwaka 2007, na simu ikafuta umbali uliomtesa Aabo. Sasa nilipiga picha ya kifaa kilichovunjika, nikaituma kwa fundi mmoja mzee Isiolo, naye akanitajia jina la kifaa hicho na mahali pa kukipata Grogan, kule Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Nilituma pesa, na kifurushi kikaja kwa basi. Injini ilikuwa imeshika. Mzee akaniambia nisilazimishe: nitoe nozeli, nimimine dizeli kidogo katika kila silinda, niiache ilowe, nirudie, kisha nijaribu kwa hendeli nikiwa na subira. Siku hendeli ilipokubali kusogea, hata upana wa kiganja haukufika, mama alitoka jikoni kuja kutazama.

Kazi iliyonifikirisha zaidi haikuwa ya injini. Nilipokuwa nikiosha bodi, nilikuta kila mahali mkono wa Aabo: kiraka cha bati la debe kwenye bawa la kushoto, bawaba ya mlango iliyotengenezwa kwa chuma cha kitanda, kishikio cha boneti cha mkanda wa ngozi. Rafiki aliyeona picha za Land Rover zilizorudishwa upya huko Ulaya alinishauri niondoe vyote, nipake rangi ya asili, gari liwe kama lilivyotoka kiwandani. Nilimwelewa, kwa maana magari hayo yanapendeza kweli. Lakini lilipotoka kiwandani gari hili halikuwa letu. Lilikuwa letu kuanzia kiraka cha kwanza.

Kwa hiyo niliweka kanuni moja. Chochote kinachobeba roho ya mtu lazima kiwe kipya na sahihi: silinda za breki, paipu zake, viungo vya usukani, tairi, springi. Hapo sifanyi heshima ya kumbukumbu. Aabo alifunga springi kwa ngozi kwa sababu hakuwa na njia nyingine, na kungekuwa na springi dukani angeinunua kwanza. Chochote kisichohatarisha mtu kinabaki kama alivyokiacha, nami nakitunza: nakisugua, nakipaka grisi, nakaza nati zake.

Sasa lami imetufikia kutoka Garissa kupitia Nuno, na barabara kubwa ya Isiolo hadi Mandera, ya zaidi ya kilomita 700, ina mradi wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2020. Mgonjwa anafika hospitali mapema, maziwa hayachachi njiani, na hiyo ni baraka ambayo kizazi cha Aabo kiliiomba kwa muda mrefu. Land Rover haina tena kazi ambayo gari jipya haliwezi kuifanya vizuri zaidi. Lakini watoto wetu wanakua katikati ya vitu visivyofunguliwa, simu iliyogundishwa na injini iliyofunikwa kwa plastiki, na wanazoea kuamini kwamba kitu kikiharibika kimekwisha. Ijumaa baada ya swala wapwa zangu hulegeza lile bakuli la oili. Mkubwa wao tayari anaweza kutoa hewa kwenye mfumo wa dizeli bila kuniuliza, na juzi alitengeneza pampu ya maji ya jirani kwa kufuata njia ileile: chunguza mafuta, chunguza hewa, kisha fuata kifaa kimoja hadi kingine.

Mwenye gari kuukuu uani, awe Modogashe au Garbatulla, asimpe mwenye vyuma chakavu kabla hajawaita watoto wake walifungue. Wazee waliozijua mashine hizi bado wapo, simu zao zinapatikana, na wanafurahi kuulizwa.