Kwa Baiskeli Kati ya Punda Milia

Karibu na ziwa la Naivasha, nchini Kenya, iko hifadhi ya taifa yenye jina la kumtisha Mkristo: Hell's Gate, yaani Lango la Jehanamu. Lakini aingiaye hukuta uwanda wa majani kati ya majabali marefu, na punda milia wakila pamoja na swala na kongoni.

Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1984, na eneo lake ni kilomita za mraba 68 hivi. Ajabu yake ni kwamba asiye na motokaa harudishwi nyumbani. Huingia kwa miguu au kwa baiskeli. Asiye na baiskeli huikodi kwa wenyeji, nao wapata riziki. (Ajaribu breki kwanza!) Kutoka lango la Elsa hupita Fischer's Tower, jiwe lililosimama peke yake kama mnara, lenye jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika huko mwaka 1883. Kisha hushika njia ya vumbi, kama kilomita 8, hadi korongo la Ol Njorowa.

Basi, mbona mbuga nyingi humfungia mlango mwenye baiskeli? Mkulima ambaye mahindi yake huliwa na tembo huambiwa kwamba wanyama ni mali ya taifa, naye aweza kuzeeka bila kumtazama twiga kwa raha, kwa kuwa hana motokaa. Hiyo si haki.

Wengine wasema ni hatari. Hatuombi baiskeli ziende kati ya simba. Na hata Hell's Gate wapo mbogo, nao si wa kuchezewa. Lakini msiba wa Aprili 2012 haukuletwa na baiskeli: vijana 7 wa kikundi cha kanisa walikuwa wakitembea korongoni, wakachukuliwa na mafuriko ya ghafla.

Wengine wasema magurudumu hukata ardhi. Katika vijia vyembamba vya mlimani, wakati wa masika, ni kweli. Vifungwe miezi hiyo. Ila barabara inayobeba malori haitaharibiwa na baiskeli.

Twawaomba wakuu wa hifadhi watenge, pale pasipo na wanyama wakali, barabara moja tu na siku moja ya juma, askari wa wanyama akitangulia. Jumamosi ingefaa, maana Jumapili tuna Misa.