Baraza la Mji wa Kale na Mgeni wa Mtandaoni

Apitaye Ngome ya Yesu na kuingia vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, huona milango ya nakshi na, kando yake, mabaraza ya mawe. Baraza halikuwa pambo tu. Hapo ndipo mgeni alipoketishwa, akaulizwa jina, mji na jamaa zake, kabla ya kukaribishwa ndani. Wageni hawakukosekana: pepo za kaskazi zilileta majahazi kutoka Arabuni na Ghuba hadi Bandari ya Kale, na pepo za kusi zikayarudisha makwao. Kwa njia hiyo mji ulipata biashara, urafiki na ndoa.

Mwaka 2009 njia ya majahazi ilipata mwenziwe chini ya bahari: mkongo wa mawasiliano wa TEAMS, unaounganisha Mombasa na Fujairah, Falme za Kiarabu. Leo bibi aliyeko Kibokoni humwona mjukuu wake wa Dubai akianza kutambaa. Wanawake waliosoma chuo kimoja, kisha wakatawanywa na ndoa, hujuliana hali kila asubuhi kwa WhatsApp. Aliyefiwa hupewa pole na jamaa wa mbali kabla ya maziko. Hii ni neema, na si haki kuikana.

Lakini mgeni wa mtandaoni hapiti barazani. Hubisha hodi chumbani mwa binti usiku wa manane, kwa jina na picha ambazo huenda si zake. Kwanza huwa msikivu, kisha hutaka urafiki wao uwe siri, mwisho huomba picha ya faragha na kuigeuza silaha ya kudai fedha. Mwingine huja na ahadi ya kazi Ghuba, akitanguliza ada.

Sheria ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mtandaoni inaharamisha kusambaza picha za faragha za mtu, na wakala wa ajira za ng'ambo hutakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Hata hivyo, binti aliyetishwa hatafika kwa polisi ikiwa anaogopa kumwambia mama yake. Mtishaji huitegemea hofu hiyo.

Basi, akina mama, turudishe baraza nyumbani. Rafiki mpya wa binti atajwe jina mezani, ajulikane jamaa zake, na binti ajue kwamba akikosea atasikilizwa kabla ya kulaumiwa. Mgeni mwenye nia njema hachukii kuketishwa barazani.