Fungu la Vitu Visivyofanana

Ada ya mpangaji ni kuweka kitu pamoja na mwenzake. Mtama hukaa na mtama, mahindi hukaa na mahindi, na mbegu ya msimu ujao hutengwa na chakula cha leo. Ghala iliyopangwa hivyo humpendeza mwenye nyumba. Lakini maisha hayatujii yakiwa yamechambuliwa. Mtu mmoja ana jina, ana umri, ana uzito wa mavuno yake. Mambo hayo hayafanani hata kidogo, walakini ndiyo yanayomtambulisha yeye na kumtenga na jirani yake.

Katika sanaa ya kuandika programu za kompyuta kipo chombo kilichowekwa kwa haja hii. Huitwa tupuli. Ni fungu la thamani chache, ambazo huweza kuwa za aina mbalimbali, zilizopangwa kwa utaratibu maalumu. Katika lugha ya Python, iliyotolewa na Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, orodha huweza kurefushwa na kupunguzwa. Bali tupuli ikishafungwa haiongezwi, haipunguzwi, wala kilicho mahali pake hakibadilishwi kwa kingine. Tutazame mfano huu: ("Bhoke", 46, 312.5). Ya kwanza ni neno, nalo ni jina. Ya pili ni namba kamili, nayo ni umri. Ya tatu ni namba yenye desimali, nayo ni kilo za mavuno. Kila moja hujulikana kwa mahali pake, na mahali huhesabiwa kuanzia sufuri.

Msomaji asidhani kuwa jambo hili ni geni kwetu. Kiswahili hulitenda kila siku. Husema jembe langu, mkoba wangu, kalamu yangu. Kila jina na ngeli yake, kila ngeli na upatanisho wake. Lakini vitu hivyo vikipotea kwa pamoja, husema: jembe, mkoba na kalamu vimepotea. Kiambishi kimoja huvikusanya vyote bila ya kulilazimisha jembe kuwa kalamu. Umoja umepatikana, na hakuna aliyenyang'anywa ukoo wake.

Faida ya fungu hili huonekana zaidi pale linapokosekana. Msimu mmoja, huko Nyansurura katika Mkoa wa Mara, karani wa mnunuzi wa mahindi alikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa na majina ya wakulima. Ya pili ilikuwa na uzito wa mizigo yao. Jina la kwanza lilikuwa na uzito wa kwanza, jina la pili na uzito wa pili, na kadhalika mpaka mwisho. Mkulima mmoja akaghairi kuuza. Jina lake likafutwa katika karatasi ya kwanza, lakini uzito wake ukasalia katika ya pili. Tangu mstari ule kwenda chini, kila mtu akapewa uzito wa aliyemtangulia, na uzito wa mwisho ukabaki bila mwenyewe. Shangazi yangu, mjane aliyeleta magunia manne, akaitiwa malipo ya magunia mawili, na ada ya shule ya watoto wake ilikuwa ndani ya yale mawili yaliyopotea. Ajabu ni kwamba majina yote yalikuwa sahihi, na namba zote zilikuwa sahihi. Kilichokatika ni kamba iliyofunga jina na namba yake. Kama jina na uzito vingaliandikwa katika mstari mmoja, kufuta kimoja kungalikuwa kufuta vyote viwili, na haki ya wengine isingaliguswa.

Mstari huo mmoja ndio tupuli. Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, alichapisha mwaka 1970 nadharia ya hifadhi za taarifa iliyojengwa juu ya wazo hili: jedwali ni mkusanyo wa tupuli, na kila mstari ni tupuli moja. Katika makala ile ile alitambua pia kwamba ni mzigo kumtaka mtumiaji akumbuke mpangilio wa mahali. Akashauri kila sehemu iitwe kwa jina lake. Hoja yake ina nguvu. Jina likiwekwa mahali pa umri, lugha kali ya programu hulikataa. Lakini umri na idadi ya magunia zote ni namba kamili, na zikibadilishana mahali mashine hunyamaza. Aina huzuia kosa la namna moja, nalo jina huzuia la namna nyingine. Mwaka 2008 Python nayo ilipata tupuli ambayo mahali pake pana majina.

Kufungwa kwake nako kuna hekima. Stakabadhi ya mizani haifai kuguswaguswa. Uzito ukiwa na dosari, huandikwa stakabadhi mpya. Hata hivyo muhuri huu una mpaka. Tupuli ikiwekewa orodha ndani yake, orodha ile huweza kubadilishwa ingawa tupuli yenyewe imefungwa, kama kikapu kilicho wazi ndani ya sanduku la kioo lenye tundu. Mwenye kutaka amani kamili hana budi kutazama kilichomo pia.

Wanafunzi wanaojifunza elimu hii leo wataandika kesho daftari za mazao, za zahanati na za shule. Wengi huiona tupuli kuwa somo dogo, hulipitia upesi wakimbilie makubwa. Nawaomba wakae nalo kidogo. Namba iliyotengwa na mwenyewe haina maana kwa mashine wala kwa mahakama; ikifungwa na jina lake, kwa mahali pake, huwa haki ya mtu.