Pedi za Noah, Altezza ya mshkaji na mteremko wa Kitonga

Najua nimepotea, wiki tatu kimya. Testi zimebanana, TP inakaribia (fizikia na hesabu, na shule niliyopangiwa iko mbali kweli...), halafu kaka yangu akaniletea mtihani mwingine ambao haumo kwenye kozi yoyote: pedi za breki. Wasichana wenzangu wa hosteli msicheke, nasema za gari.

Kaka ana Noah. Hiyo Noah ndiyo inayolisha nyumba, na bumu likichelewa inanilisha na mimi. Jumamosi hii inakwenda Iringa kumchukua mama na ndugu wengine watano kuwaleta Dar kwenye sendofu ya dada. Kwenda hakuna neno. Kurudi ndiyo kuna Kitonga, na sasa hivi pedi za mbele zimebaki milimita mbili na ushee.

Tukaenda Gerezani kutafuta spea. Muuzaji akatoa maboksi matatu, akatuangalia usoni kujua tuna shilingi ngapi. Mshkaji wetu mmoja wa darasani, yule mwenye Altezza, alikuwepo. Si mnamjua! "Bro, chukua hizi za resi. Ukikanyaga gari inasimama kama nguzo." Kaka akaanza kushawishika. Mimi nikakataa. Tulibishana kuanzia dukani mpaka kantini na hatukumaliza, kwa hiyo acha nimalizie hapa, maana hapa hakuna wa kunikatiza.

Breki haimezi mwendo kimiujiza. Inaugeuza kuwa joto. Pedi mbili zinabana diski, zinasuguana nayo, joto linapanda, gari linapunguza mwendo. Gari la kilo 1,500 likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa lina nishati ya mwendo kama kilojuli 580. Kwenye kilomita 50 lina robo yake, kama 145, si nusu, kwa sababu kasi inazidishwa kwa kasi yenyewe. (Form Three mtakaonipata kwenye TP, hili litatoka kwenye testi.)

Sasa nenda na hesabu hiyo Kitonga. Nilikaa na kalkuleta usiku: gari likishuka mita 40 za wima, nishati inayotakiwa kugeuzwa joto ni karibu sawa na kulisimamisha kutoka kilomita 100 mpaka sifuri. Noah au semitrela ni kilekile, uzito unakatana pande zote mbili za mlinganyo. Kwa hiyo mteremko wa mita 200 za wima, ukiushuka kwa breki tupu, ni kama kufunga breki kutoka kilomita 100 mara tano mfululizo, na pedi haipati hata dakika ya kupoa. Upepo na injini vinasaidia, sawa. Ila hiyo ndiyo picha, na mama yangu atakuwa kakaa nyuma ya dereva.

Pedi ikizidiwa joto inafanyaje? Ule unga wake umeshikwa pamoja na gundi ya resini. Joto likipita kiwango chake, gundi inaanza kuungua na kutoa gesi, msuguano unashuka. Unakanyaga, pedali ni ngumu kama kawaida, lakini gari halikusikii. Hiyo ni pedi. Kama pedali yenyewe inazama mpaka chini kama umekanyaga sponji, hapo mara nyingi ni mafuta ya breki yamechemka na mvuke umeingia kwenye mabomba. Naomba mzitofautishe hizi mbili, kwa sababu wengi wanabadilisha pedi mara tatu wakati ugonjwa uko kwenye mafuta. DOT 3 mpya inatakiwa isichemke chini ya digrii 205, na DOT 4 chini ya 230. Lakini mafuta haya yanavuta unyevu kutoka hewani. Yakishalowa, kiwango kinachotakiwa kinashuka mpaka 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Ya kaka yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Tukayamwaga yote.

Turudi kwa mwenye Altezza. Hoja yake ilikuwa: kama joto ndilo adui, si ununue pedi inayovumilia joto kuliko zote? Ukisikia haraka inaingia akilini. Pedi za uwanjani kweli zinavumilia. Kule Ujerumani kuna Nürburgring, mzunguko wa kilomita 20.8, ambao siku fulani raia wa kawaida analipa na kuingia na gari lake la kwendea kazini. Anakimbia, anafunga breki, anakimbia, anafunga breki, na pedi ya kawaida inaweza kusalimu amri hata mzunguko mmoja haujaisha. Huko pedi ya uwanjani ina haki yake. Magari ya Formula 1 ndiyo usiseme, diski na pedi zao ni za kaboni na zinaweza kufika karibu digrii 1,000.

Tatizo ni kwamba pedi nyingi za namna hiyo zinataka zipate moto kwanza ndipo zishike. Saa kumi na mbili asubuhi unatoka nyumbani, hujafika hata barabara kubwa, mtoto wa shule anakatisha. Pedi ni ya baridi. Unakanyaga, inateleza juu ya diski. Je, utamwambia mtoto asubiri ipate joto? Tena zinalia, zinamwaga vumbi na zinakula diski. Kwa hiyo mimi nauliza maswali mawili: gari hili siku yake mbaya kuliko zote linapata joto kiasi gani, na siku hiyohiyo likiwa halijapasha litasimama?

Noah ya kaka siku mbaya ni Kitonga ikiwa imejaa, siku nyingine zote ni foleni ya Mwenge. Zile laini za organiki hazina kelele na hazisumbui diski, ila joto la mteremko huziwahi. Za seramiki ni tulivu na vumbi lake halichafui rimu, bei yake sasa... Tukaenda na zenye chuma ndani, nusu metali. Zinaweza kulia kidogo asubuhi. Zilie tu.

Kitu ambacho wauzaji hawakuambii: geuza pedi uangalie ubavuni au mgongoni. Nyingi zimechapwa herufi mbili, kama EE, FF au GF. Ya kwanza ni msuguano ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa imepata moto. E ni 0.25 mpaka 0.35, F ni 0.35 mpaka 0.45, G ni 0.45 mpaka 0.55. Ukiona ya pili iko chini ya ya kwanza, ujue hiyo inachoka ikipata joto. Herufi hazisemi pedi itadumu muda gani wala kama imetengenezwa vizuri, lakini ni bora kuliko maneno ya dukani. Pia kuna alama ya E ndani ya duara ikifuatana na 90R, ambayo ni kanuni ya Ulaya inayotaka pedi ya mbadala isitofautiane na ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15. Feki nazo zinachapwa herufi, najua. Ya bei ya chini kabisa niliikwaruza ukucha ikamwagika kama chaki. Nikairudisha kwenye boksi taratibu. Tukachukua yenye FF, na tofauti ya bei ilikuwa kama hela yangu ya kula wiki moja.

Fundi wetu ni mzee, mikono yake ni mizuri. Alikagua unene wa diski akalinganisha na ule wa chini kabisa uliochapwa pale pale kwenye diski, akaziosha, akapaka grisi pini za kalipa, akafunga pande zote mbili. Kabla gari halijasogea akampa kaka amri ya kupampu pedali mpaka ikaze, maana pistoni zinakuwa zimesukumwa nyuma na mkanyago wa kwanza unazama bure. Tulipotaja kuzizoesha pedi ndipo akacheka. "Zitakaa zenyewe, mwanangu." Shikamoo yake naipokelea mikono miwili, lakini hapo nilimkatalia kwa heshima.

Pedi mpya na diski hazijajuana. Zinatakiwa zilingane uso, na pedi iache tabaka jembamba la unga wake juu ya diski, sawasawa kote. Tabaka hilo ndilo linalofanya pedi ishike vizuri baadaye. Ukiiacha ijizoeshe kwenye foleni, joto halitoshi. Ukiipeleka Kitonga ikiwa mbichi, inatoa gesi yote siku hiyo hiyo, mlimani.

Basi Jumapili alfajiri tulikwenda barabara ya Bagamoyo, tukapita Bunju, pasipo na makazi na hakuna gari nyuma. Kaka anapandisha mpaka 60, anakanyaga wastani, thabiti, mpaka kama 10, halafu anaachia na kuondoka tena. HASIMAMI. Nusu dakika ya kupoa, tena. Mara kumi, mimi nahesabu kwa vidole. Kama mara ya saba harufu ikaja, kaka akashtuka, nikamwambia hiyo ni ya kawaida, endelea. Mwishoni tukatembea dakika kama kumi karibu bila kugusa breki. Kusimama na mguu juu ya pedali wakati diski ni ya moto ndiyo dhambi kubwa, kwa sababu pedi inajichapa pale ilipoishikilia, na kesho usukani unatetemeka, fundi anakwambia diski imepinda.

Pedi za uwanjani nazo zinazoeshwa, ila kwa kasi na moto mkubwa zaidi, na humo humo uwanjani. Mshkaji anataka kuzizoesha kwenye barabara ya chuo, yenye matuta na wanafunzi wamevaa spika za masikioni! Tumegoma kupanda gari lake, mimi na wenzangu wanne.

Kaka ameahidi kushuka na gia ya 2 toka juu kabisa, injini ibebe sehemu ya kazi. Mama yeye hajui lolote kati ya haya, anachouliza kila akipiga simu ni kama tutasimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu. Nyie mtakaokuwa njia hiyo Jumapili, mkiikuta Noah nyeupe mbele yenu inashuka polepole, msipige honi.