Sauti Ndani ya Diski

Usiku mmoja wa masika ya 2018, katika chumba cha ghorofa ya nne mtaani Umoja, kipakatalishi kilianguka kutoka mezani kikiwa kimewashwa. Mwenyewe, mwanafunzi wa uzamili aliyekuwa akitafiti chimbuko la Sheng, alikiokota akakiwasha. Hakikuwaka. Akajaribu tena na tena hadi alfajiri, mithili ya mtu anayeitikisa maiti akidhani imelala.

Ndani ya diski mlikuwamo jumla ya saa 11 za mahojiano aliyoyafanya Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940. Sehemu kubwa ilikuwa sauti ya ajuza aliyewalea wanawe huko, akisimulia jinsi watoto walivyochanganya Kiswahili, Kijaluo na Kiingereza barazani hata wazazi wakaachwa nje ya mazungumzo. Ajuza huyo alikuwa amezikwa mwezi wa Februari. Nakala ya pili haikuwapo. Mwanafunzi alikuwa amejiahidi kuitengeneza akipata pesa.

Kampuni moja mjini ilitaka shilingi 40,000. Kodi ya chumba ilikuwa 7,000. Akaibeba mashine hadi kwa fundi mwenye kibanda karibu na stendi ya matatu, baina ya muuza chapati na kinyozi.

"Umeiwasha mara ngapi, dada?" fundi aliuliza kabla ya salamu kukamilika. Alipojibiwa, akaguna. Vichwa vya kusomea, alieleza, huelea juu ya sahani inayozunguka kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Vikishaigusa, kila kuwasha kunaweza kuongeza mikwaruzo. Je, kuitia kwenye friji usiku mmoja, kama walivyoshauri marafiki? Fundi alicheka. Unyevu ungegeuka matone juu ya sahani, na hapo hata wale wa mjini wangeshindwa.

Aliitoa diski, akaiunganisha, akaitegea sikio. Lau ingegonga tok, tok, tok, angeirudisha, maana ugonjwa huo hutibiwa katika chumba kisicho na vumbi, na Umoja huwa ama vumbi ama tope. Hii ilivuma sawasawa, ikikwama mara mojamoja. Palikuwa na tumaini.

Gharama ilikuwa diski kuukuu ya shilingi 2,000 kutoka Luthuli Avenue, na subira. Programu isiyolipiwa iitwayo GNU ddrescue iliendeshwa kutoka kwenye flashi yenye Linux. Kazi yake ni kuinakili diski nzima ilivyo, bila kuandika chochote ndani ya ile mbovu. Huanza na sehemu nyepesi kusomeka, huziruka zile sugu, kisha huzirudia mwishoni, kwa kuwa diski inayokufa huenda isiishi kusomwa mara ya pili. Tena huweka kumbukumbu ya palipofikiwa. Umeme ulipokatika, jambo lisilomshangaza mkazi yeyote wa Eastlands, kazi iliendelea palepale ilipokomea. Siku nne zikapita.

Sehemu chache hazikusomeka, na kwa bahati mbaya mojawapo ndiyo iliyohifadhi orodha ya majina ya faili. PhotoRec, programu nyingine ya bure, iliipekua ile nakala ikizitambua faili kwa mianzo yake, ikatoa sauti zaidi ya 200, kila moja ikiitwa herufi f na msururu wa tarakimu. Nyingi zilikuwa nyimbo. Nyingine zilikatika katikati ya neno.

Fundi alidai shilingi 1,500, akapokea 1,000 na ahadi.

Kutambua ipi ni ipi hakukuwa na programu. Kwa wiki tatu mwanafunzi alizisikiliza moja baada ya nyingine. Faili ya 73 ilianza kwa mlio wa sufuria, kisha kikohozi, kisha ajuza akauliza iwapo kile kidude kimeshaanza kunasa, kwani chai ilikuwa bado haijamiminwa. Katika tasnifu hapakuwa na sura ya kuyatia hayo. Aliipa faili jina, akainakili kwenye flashi tatu, moja akampelekea binti wa marehemu huko Kaloleni.