Wanawake 50 wa Ngomeni

Sisi watu wa Mombasa Ngome ya Yesu twaipita kila siku, na ndani hatuingii ila tukijiwa na wageni kutoka bara. Disemba hii wageni walikuja, nasi tukaongozana nao: kina mama watano, watoto tisa, na bibi yetu, ambaye mpaka leo mahali hapo hupaita Gerezani. Hajakosea. Tangu 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya ngome hiyo jela, na yeye alipokuwa mtoto alikatazwa hata kuukaribia ukuta wake.

Upepo wa kaskazi ulikuwa umelala siku hiyo. Shule zimefungwa, mji umejaa, na foleni ya kuingia ilikuwa juani. Buibui zikatuganda mgongoni kabla hatujafika mlangoni. Katika ukumbi wa maonyesho watu walibanana bega kwa bega, na aliyetaka kusoma maandishi ya kabati moja alingoja zamu yake. Vyombo vya kaure vya China vilivyofukuliwa Gede na Manda tuliviona kwa kuchungulia baina ya vichwa vya wanafunzi. Ni vizuri mno, lakini havikutushika kama yale tuliyohadithiwa mbele ya mabaki ya Santo António de Tanna, jahazi la vita la Wareno lililozama chini ya ngome mwaka 1697.

Jahazi hilo lilikuja kuwaokoa waliozingirwa. Waomani waliizunguka ngome tangu Machi 1696 hadi Disemba 1698, na ndani maradhi yaliua watu kuliko mizinga. Kufikia katikati ya 1697 Wareno wa mle ndani walikuwa wamekwisha kufa. Ngome ikabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake 17, wanaume wa Kiafrika 8, na wanawake wa Kiafrika 50. Kwa hivyo wazee wetu walikuwa pande zote mbili za ukuta, jambo ambalo hatulipendi sana kulizungumza barazani.

Mwongozaji aliitaja hesabu hiyo akapita, kwani kundi jingine lilikuwa likitusukuma nyuma. Sisi tulibaki nayo. Wanawake 50! Majina ya makapiteni tuliyasoma shuleni. La mmoja wa wanawake hao hatujapata kulisikia. Nani aliwauguza wagonjwa? Nani aliwaosha maiti, na kwa maji gani?

Swali la maji lilikuwa la bibi. Mizinga hakuitazama. Alimwendea yule kijana mwongozaji akamwambia, "Mwanangu, nionyeshe walipokuwa wakipata maji." Kijana akatupeleka uani, kwenye birika la kale lililojengwa kukinga maji ya mvua. Bibi akasimama pale na jua lile, mkono juu ya ukuta, muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Yeye amelea watoto saba kwa maji ya kisima cha mtaa, na ndoo anaijua uzito wake.

"Mvua isiponyesha je?" mmoja wa watoto akauliza.

"Ndipo ujue kupima kwa kikombe," bibi akajibu. "Mgonjwa kwanza, kisha mtoto. Mpimaji hunywa mwisho."

Binti yetu wa miaka minane alitaka kuona kwa macho hamsini ni wangapi. Akaanza kuwahesabu wanawake waliokuwa uani: wa buibui, wa leso, walimu na wanafunzi wao, mtalii mwenye kofia pana. Alipofika 36 adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka Mji wa Kale, nasi tukawakusanya watoto tuwahi swala. Njiani kuelekea lango aliendelea kuhesabu kwa vidole. Wa 50 alikuwa mama mmoja wa makamo aliyeketi nje kivulini na beseni la mabuyu na achari, akatuuliza twataka ya shilingi ngapi.